Rinda Lililobaki na Pini

Jirani yangu alihama kabla sijapinda rinda lake. Nalitaja hili kwanza kwa sababu kila ninachokumbuka kuhusu miaka ile ya kushona nyumbani, hapa Kapsoya, mtaa wa Eldoret, hunirudisha kwenye rinda hilo. Lilikuwa la kijivu kinachoelekea buluu, mikono mirefu, kiuno kilichokaa vizuri, na kuzunguka chini kote, pini. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba ninachoshonea msimu mzima wa mvua, na mvua ilipoisha bado lilikuwa pale. Nilichotaka kilikuwa kidogo. Nilitaka aje, apande juu ya stuli, asimame wima, nami nipige magoti nimalizie.

Tulijuana kwa makosa. Walikuwa wamehamia nyumba ya pili kutoka yetu, yeye na mume wake mwenye malori ya kubeba mizigo kwenda kaskazini. Asubuhi moja ya ukungu alibisha mlango wangu na kuita, "Abaayo!"

Cherehani yangu ilikuwa karibu na dirisha na kila mtu pale alijua nashona. Mimi nikasikia "abaya", lile buibui refu jeusi. Nikamkaribisha, nikafunga mlango, nikavuta pazia, nikatoa tepu shingoni, mkasi ukiwa bado mkononi, na kuanza kumpima: bega, kifua, mkono hadi kifundo, urefu kutoka bega hadi kisigino. Nilimwambia anyooshe mikono, akanyoosha. Nilimwambia ageuke, akageuka. Nilipomaliza nikamuuliza anataka rangi gani.

"Rangi ya nini?"

"Ya abaya."

Alinitazama, akatazama tepu.

"Mimi nilikuja kuuliza kama kwako pia maji imepotea."

Kwa Kisomali, abaayo ni dada. Ndivyo wanawake wao wanavyoitana, hata na mtu wasiyemjua. Alipoelewa nilichokuwa nimesikia, alicheka mpaka akajikalia kwenye kochi bila kukaribishwa.

"Nikasema labda ni sheria ya Kapsoya," alisema. "Mtu akiuliza maji, apimwe kwanza."

"Na wewe ukakubali tu?"

"Ulikuwa na mkasi kwa mkono. Ningesema nini?"

Vipimo vilikuwa vimeshachukuliwa, na wote wawili tuliona ni vibaya kuviacha viende bure. Shida ni kwamba sikuwa na kitambaa cheusi. Mimi sijawahi kununua vitambaa vipya. Nashona kutoka kwa mitumba, nafumua nguo moja nipate nyingine. Cheusi pekee nilichokuwa nacho kilikuwa joho la mahafali lililokuja ndani ya robota la masweta, joho la mwanafunzi wa nchi nyingine, pana kama hema ndogo. Nilipunguza mikono, nikaliziba mbele kwa vifungo vya kujificha, nikaondoa ule ukanda wa shingoni. Lilitoka abaya iliyoanguka vizuri kuliko zile za dukani. Alipokuja siku iliyofuata alikuwa ameivaa.

"Mzee wangu ameniuliza nimesomea nini."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia sijui, lakini nimepita."

Kuanzia hapo tulifanya kazi pamoja. Hatukupanga. Alikuwa akija baada ya watoto kwenda shule, nami nilikuwa nafungua lango kabla hajafika. Mume wangu, mwenye duka la vyakula vya mifugo, alijifunza kukohoa akiwa bado nje ya lango lake mwenyewe, ili jirani apate nafasi ya kujifunika. Wakati mwingine alikohoa nyumba ikiwa tupu. Watu waliopita walimwambia atafute dawa.

Wateja wetu walikuwa wanawake wa pande zote mbili, wa kwake na wa kwangu. Mimi natoka kwa watu waliohamia Ainabkoi kutoka Kenya ya kati, walimaji wa viazi, waumini wa kanisa ambalo mama akiingia na sketi iliyopasuliwa, mahubiri hubadilika hapo hapo. Yeye naye alitaka nguo ifike kifundo cha mguu na kifundo cha mkono na isishike mwili. Mitumba haiji hivyo. Inaletwa kutoka kwa watu wengine, wenye desturi nyingine: mgongo uko wazi, mikono hakuna, mpasuo unapanda hadi pajani. Kazi yetu ilikuwa kuziba bila ionekane tumeziba. Mpasuo nilikuwa naujaza mikunjo ya kitambaa cha rangi nyingine, ili mtu afikirie ndiyo fasheni. Mikono nilitoa kwenye shati la mwanamume. Yeye ndiye aliyekataa nguo zangu za kwanza, zile nilizoongeza kitambaa kila upande kwa woga.

"Hii ni gunia," alisema. "Mungu alisema ujifunike, hakusema ufanane na mahindi."

Mimi nilikuwa na mkono, yeye alikuwa na jicho. Tena niseme alikuwa na sikio. Sokoni, robota linapofunguliwa, nguo bora za juu huitwa kamera, na wenye maduka huziwahi wakisukumana. Yeye hakusukumana. Alisimama pembeni mpaka fujo iishe, kisha akainama kwenye rundo, akashika ncha ya kitambaa, akaileta karibu na sikio lake juu ya hijabu, akaisugua kwa vidole viwili. Kikilia, alikirudisha.

"Iko na kelele," alikuwa akisema. "Mwanamke akipita na hii, mtu anajua amepita kabla hajaangalia."

Kwake heshima ya nguo haikuishia kwenye urefu. Nguo ilipaswa pia kunyamaza. Mimi niliyelelewa kupimwa kwa magoti, kama sketi inayafunika au haiyafuniki, sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Wauzaji walimwita Daktari, kwa sababu alisikiliza nguo kama mtu anayesikiliza kifua.

"Daktari, huyu mgonjwa amepona?" muuzaji mmoja, mwanamume mnene asiyenyamaza, alikuwa akimwonyesha gauni.

"Huyu alikufa zamani. Zika."

Rinda la kijivu tulilipata kwa muuzaji huyo huyo. Lilikuwa gauni la msichana wa kumsindikiza bibi harusi, kitambaa kizito cha krepu, bila mikono, mgongo wazi hadi kiunoni. Alilisikiliza, halafu akalisikiliza tena. Halikutoa sauti. Nilimwambia ni zuri lakini hatuna kitambaa cha kufunika mgongo, na krepu kama hiyo hatutapata tena.

"Iko na dada yake," alisema.

"Dada gani?"

"Hii ni ya harusi. Wasichana wa harusi hawavai mmoja. Dada yake ako humu ndani."

Akaanza kuchimba. Alipekua rundo lote, muuzaji akilalamika kwamba anamvurugia biashara, wateja wengine wakimuuliza anatafuta nini. Tulikuwa tumekata tamaa, au mimi nilikuwa nimekata, alipoingiza mkono mmoja chini kabisa na kutoa gauni lile lile, rangi ile ile, ila dogo kidogo. Alilibandika tu kifuani mwangu na kunitazama. Muuzaji alipiga makofi.

"Hii itakuwa yangu," jirani alisema njiani. "Si ya mteja. Yangu."

Kati ya nguo zote tulizofanya, hilo ndilo nililoshona polepole zaidi. Kutoka kwa gauni dogo nilipata mgongo na mikono. Bitana ya ndani niliirudishia nikaishona upya, kwa sababu baridi ya Eldoret haina mchezo, hasa asubuhi. Alijaribu mara nyingi. Kola tuliibadilisha, tukairudisha ilivyokuwa. Mama yangu alikuja kutoka Ainabkoi na gunia la viazi akatukuta katikati ya shughuli hiyo, jirani akiwa na mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado.

"Hii ni ya kanisa ama ya msikiti?" mama aliuliza.

"Ni ya baridi, mama," jirani alimjibu.

Mama alilipenda sana jibu hilo. Bado hulisema.

Mchana wa kupinda, mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Alipanda stuli. Nilizunguka nikiweka pini, nikafika mbele, nikakumbuka kitu kinachopaswa kuulizwa mapema. Pindo la rinda refu hupimwa na viatu vitakavyovaliwa nalo. Kisigino kikizidi hata upana wa kidole, kila kitu hubadilika. Nilimwambia aende akalete vile viatu vyake vyeusi vya sikukuu, ni hatua chache tu.

Alibaki juu ya stuli. Nilifikiri hakusikia kwa ajili ya mvua, nikarudia.

"Viatu iko ndani ya gunia," alisema.

"Toa basi."

"Gunia imeshonwa, abaayo. Iko juu ya lori."

Ndivyo nilivyojua. Nilibaki nimepiga magoti, pini mdomoni, nikiangalia miguu yake mitupu juu ya stuli yangu. Akanieleza kutoka huko juu, maneno yakinijia kutoka juu ya kichwa changu. Biashara ya malori ilikuwa imehamia kaskazini, kaka za mume wake wako huko, yeye mwenyewe ameambiwa juzi tu na amekuwa akitafuta jinsi ya kuniambia. Ningeweza kupinda kwa kukisia. Mimi ni fundi, nakisia kila siku. Lakini nilitoa pini mdomoni nikasema, "Bila viatu siwezi."

"Nitakuja na viatu," alisema.

"Ukija tutapinda."

Tulisema hivyo kama watu wanaoongea kuhusu wiki ijayo.

Nyumba yake ilikodiwa na kijana wa benki aliyekuwa akifua nguo zake usiku na kuzianika asubuhi. Mimi niliendelea na kazi. Naweza kueleza kwa utaratibu kilichobadilika. Kwanza, lango: niliendelea kulifungua mapema, nikalikuta bado wazi saa za chai na hakuna aliyeingia. Pili, mume wangu aliacha kukohoa, halafu siku moja akakohoa kwa mazoea. Na soko. Nilienda peke yangu, nikasukumana na wenye maduka nikapata kamera, nikarudi nyumbani na marinda mazuri kwa macho ambayo wateja waliyavaa mara moja na kuyarudisha. "Inanishika," mmoja alisema. Mwingine alisema inamfanya ajisikie amefungwa kwa karatasi. Nilijaribu kusikiliza kama yeye. Nilisugua kitambaa sikioni katikati ya soko na nikasikia soko.

"Daktari yuko wapi?" muuzaji mnene aliniuliza.

"Amehama."

"Hospitali imefungwa basi," alisema, halafu hakuendelea na utani wake. Alinichagulia gauni moja yeye mwenyewe, akanipa nusu ya bei bila mimi kuomba, na hilo lilinisumbua kuliko kama angenitania.

Tulipigiana simu. Ya video haikushika vizuri huko alikokuwa. Uso wake ulikuwa ukisimama katikati ya neno, mdomo wazi, nami nikibaki nikiongea na picha. Kila mara aliuliza kwanza jambo moja.

"Umepinda?"

"Bado. Nangoja viatu."

"Viatu inakuja."

Kisha tuliongea kuhusu watoto, joto, bei ya nyama ya mbuzi. Nilikuwa nikigeuza simu kumwonyesha rinda nyuma ya mlango. Alikuwa akisema, "Salimia," na mimi nililisalimia. Baadaye simu zikawa chache. Hakukuwa na ugomvi. Ana nyumba mpya, majirani wapya, wengine dada zake kweli. Nilijieleza hivyo nikipiga pasi, na nilielewa, na bado kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na lango ilinifanya nisimamishe cherehani.

Mwalimu mmoja wa shule ya karibu alikuja kutafuta nguo ya harusi ya dada yake. Aliliona rinda nilipofunga mlango. Akaomba kulijaribu, nikasema ni la mtu. Akaomba tena wiki iliyofuata. Mama yangu, aliyekuwepo, alimsindikiza hadi lango halafu akarudi.

"Hiyo nguo inakula vumbi."

"Mwenyewe atakuja, mama."

"Amesema lini?"

Nikaingiza uzi kwenye sindano.

"Mtu akiondoka na nyumba yote juu ya lori, mwanangu, hajaenda sokoni."

"Najua."

"Basi muuzie mwalimu. Huyu akija umshonee nyingine."

Mama hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe ni mtu aliyehama, anajua wanaohama hufanya nini. Lakini siku hiyo nilipokuwa peke yangu nililitoa rinda, nikalikung'uta dirishani, nikabadilisha pini zilizoanza kuota kutu ili zisiache alama, na kulirudisha.

Jirani yangu alikuja wakati wa kuvuna mahindi. Walikuwa wameacha vitu vichache kwenye stoo ya mwenye nyumba, kitanda na meza na mapipa ya maji, na mume wake alikuja kuvichukua kwa gari dogo. Hakunipigia. Nilisikia sauti yake langoni, ikiniita vile vile alivyoniita asubuhi ya kwanza, nikaacha mguu wa cherehani juu ya nguo ya mtu.

Alikuwa amekonda kidogo na ameiva kwa jua. Tulishikana mikono muda mrefu, tukaulizana habari za kila mtu, halafu tukaulizana tena habari zile zile. Nilifunga mlango, nikavuta pazia. Akainua mguu mmoja kunionyesha.

"Nimekuja na viatu."

Vilikuwa ndala za ngozi, bapa kabisa.

"Vile vyeusi?"

"Kule hakuna mtu anavaa kiatu ya kufunga. Mguu inaiva."

Akalivaa rinda. Lilikuwa limelegea kiunoni, kidogo tu. Akapanda stuli, na nikaona pini zangu zote ziko chini mno, kwa sababu nilikuwa nimeziweka nikikisia kisigino cha vile viatu vya sikukuu. Nilianza kuzitoa na kuzipandisha. Alikuwa akijitazama kwenye kioo, akipitisha mkono kwenye krepu.

"Hii ni tamu," alisema. "Hapa ni tamu sana."

Nilisikia neno "hapa".

"Na kule?"

Alinyoosha kola.

"Sema ukweli. Mimi ni fundi."

"Kule, abaayo, hii ni blanketi."

Krepu nzito, na bitana chini yake. Nilikuwa nimelishona kwa ajili ya baridi ya mji huu, kwa asubuhi zetu za ukungu. Msimu wote niliolitazama nyuma ya mlango, sikuwa nimewahi kulifikiria likiwa mahali pengine. Nilimwona kila mara akilivaa na kutoka kwa lango langu kwenda nyumba ya pili.

"Iache hapa," alisema haraka, akiona uso wangu kwenye kioo. "Ikae kwako. Nikija, nivae nikiwa Eldoret. Kila nikija."

Nilitaka kukubali. Ilikuwa rahisi na ndiyo niliyokuwa nikiiomba kimoyomoyo, rinda libaki nyuma ya mlango na yeye awe na sababu. Niliweka pini mbili zaidi kabla ya kuuliza.

"Utakuja lini tena?"

Aligeuka kutazama dirisha, ingawa pazia lilikuwa limefungwa.

"Mzee anajenga kule," alisema. "Ameshaweka msingi."

Nje, mume wake na kijana wa benki walikuwa wakibishana jinsi ya kugeuza meza ipite mlangoni.

"Vua," nilimwambia.

"Umekasirika?"

"Vua rinda. Kaa chini ukunywe chai."

Nililigeuza ndani nje na nikaanza kufumua bitana. Nilikuwa nimeishona kwa mishono midogo, ya kudumu, na wembe ulihitaji uangalifu. Alielewa baada ya muda. Akaweka kikombe chini, akaja kukaa sakafuni upande wa pili wa rinda, akashika kitambaa na kukikaza ili nikate uzi bila kukata krepu. Nilipoitoa bitana yote, tuliinua rinda kwenye mwanga wa dirisha kuona kama linaonyesha mwili. Halikuonyesha. Ndani angevaa kamisi ya pamba, akasema anazo. Nilipunguza kiuno. Nikapanua mikono yote miwili ili upepo upite, nikalegeza kwapa.

"Unashona kama unafukuzwa," alisema.

"Gari yako inanguruma."

"Ingurume."

Nilipinda kwa mkono, siyo kwa cherehani, kwa sababu mashine huacha mstari na mkono hauachi. Aliimba kitu kidogo cha Kisomali akiwa amekaa pale, si kwa ajili yangu, kama mtu anavyoimba akisubiri maji yachemke. Mume wake alipiga honi. Hakuinuka. Alipiga tena na yeye akajibu kwa sauti, kwa lugha yao, jambo lililomfanya azime injini.

Alilivaa. Lilimfika pale linapopaswa kufika juu ya ndala, na sasa lilikuwa jepesi, likifuata mguu badala ya kuutangulia. Alijitazama mbele na nyuma. Alivaa hijabu yake, akakunja nguo aliyokuja nayo akaiweka kwenye mfuko wa plastiki. Hatukujua jinsi ya kuagana, basi alinishika mabega akanigeuza huku na huku, kama ninavyomgeuza mteja, akasema mimi ni mzima, kiuno changu bado kipo.

Nilimsindikiza hadi lango na kusimama pale. Alitembea kuelekea gari kwenye barabara ya udongo uliokauka, na nilikuwa nikitazama pindo, kama liko sawa nyuma na mbele, kama upande wa kushoto haujashuka. Lilikuwa sawa. Nilipoinua macho mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa, na sijui kama aligeuka kunipungia mkono.